Kile Chuma Juu ya Kompresa

Mliponifanyia zile hotuba za kuniaga, mlisema niandike kumbukumbu zangu za kazi ili zisipotee. Nawashukuru. Nilidhani kinachopotea pale atelie, karakana yetu ya pikipiki, ni spana namba kumi, imepotea miaka mingi sasa, na hakuna aliyewahi kuihotubia.

Basi naandika. Nilivyopanda hadi kuwa mkubwa wa atelie sitaeleza, kwa sababu nilipanda kwa njia moja tu: wakubwa wangu walikufa au walienda Zambia. Naandika kwa sababu ya kile chuma kinachoning'inia juu ya kompresa, na kwa sababu ya Jules, mtoto wa Kabeya wa Naviundu, mwanaume mzima mwenye ndevu na watoto wawili, aliyekuja wiki moja kabla ya sherehe yangu kuomba kazi ya kuchomelea. Mlimwonyesha kile chuma, mkacheka, mkamrudisha kwao. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nafunga spana zangu kwenye kitambaa. Nilisikia kila kitu, nikaendelea kufunga.

Aliyewafundisha kucheka vile ni mimi. Kuna jambo kuhusu chuma kile sijawahi kulisema, na nisipolisema Jules hatapata kazi kwa mtu yeyote mwenye kuchomelea Lubumbashi hii. Mtanivumilia nianzie mbali. Mstaafu hana haraka, na hiyo ndiyo zawadi pekee anayopewa bila hotuba.

Siku yangu ya kwanza niliingia atelie nimevaa shati jeupe. Mama alilipiga pasi asubuhi akiamini naenda mahali penye meza. Aliyenipokea ni Papa Numbi, mzee wa Kikatoliki kutoka kaskazini, aliyefanya kazi karakana ya reli miaka yote mpaka gari moshi zikaanza kufika kwa muujiza, ndipo akahamia kwenye pikipiki. Alinitazama kuanzia kola mpaka viatu.

«Weye unaenda kuoa?» akauliza.

«Hapana, Papa. Nakuya ku kazi.»

«Ah. Basi shika.»

Akanipa karai la mafuta machafu lililojaa vidonge vya chuma vya kwenye shingo ya usukani, nivioshe kimoja kimoja. Jioni shati lilikuwa na rangi ambayo sijaiona tena duniani. Mama alilitazama, na tangu siku hiyo pasi ikawa ya baba peke yake.

Papa Numbi hakuwa mtu wa kufundisha. Alikuwa mtu wa kukaripia, na wewe unaokota elimu katikati ya makaripio. Lakini mambo mawili aliyasema kwa utulivu, ndiyo maana niliyashika. La kwanza: ukichomelea chuma cha mtu, piga alama yako pembeni. Alinipa msumari mgumu wa kupigia alama, akanipangia nukta tatu za mstari mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa na nukta mbili na mkwaju. «Siku itakatika,» alisema, «bajue kwa kuirudisha.» La pili: fundi aliyetengeneza ndiye anayepanda nyuma siku ya kujaribu. Mwenye pikipiki anaendesha, fundi anakaa nyuma, mikono juu ya mapaja. Nilimuuliza sababu. Akasema utaona jinsi utakavyokaza bolti vizuri ukijua ni matako yako.

Kisha pikipiki zikaanza kuingia mjini kwa wingi. Kila moja ilitoka kiwandani na akili zake, na kila mwenyewe akaiongezea za kwake. Huyu alinyanyua usukani mpaka akawa anaendesha mikono juu, kama mtu anayekamatwa na polisi. Huyu aliweka kioo cha mbele kilichokatwa kwenye mlango wa ofisi, neno «Poussez», yaani sukuma, bado linasomeka. Huyu alifunga spika mbili, mwavuli, bendera, na sanduku lenye picha ya Bikira Maria. Halafu kikaingia kile kipaji cha Lubumbashi cha kurefusha: unakata ule mkono wa chuma ulioshika gurudumu la nyuma, unaunga kipande, kiti kinarefuka, wanapanda watatu mahali pa mmoja. Baada ya mwezi mwenyewe anarudi analalamika: «Papa Théo, moto inatetema.» Nilikuwa namjibu kwamba pikipiki inatetemeka kwa woga, imejiona kwenye kioo cha duka.

Sasa sikilizeni sehemu hii, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Pikipiki ikitetemeka msikimbilie spana. Ulizeni kwanza. Inaanza kwenye mwendo gani? Inaanza ikiwa tupu au ikiwa na mzigo? Na mtetemeko unasikika mikononi au matakoni? Mikononi, anzeni mbele: tairi, spoki, vidonge vya shingo, uma. Matakoni, nendeni nyuma. Mwenye pikipiki ataona aibu kujibu hilo swali la mwisho. Mngojeeni, atajibu, hana pengine pa kukalia.

Mwalimu Kazadi alikuja asubuhi moja ya kiangazi, vumbi limejaa mji mzima. Alikuwa anafundisha shule moja ya Katuba, mtu wa asili ya Kasai, miwani, kalamu mbili mfukoni, na aliongea na pikipiki yake kwa Kifaransa. Alikuja anaisukuma. Pembeni yake alitembea binti yake wa mwisho, Bénédicte, wa miaka sita hivi, mkono wa kushoto umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi kiwiko.

«Bonjour, Papa Théo. Moto yangu inatetema.»

«Inatetema ku mikono ao ku matako?»

Mwalimu akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi. «Ku… siège.»

«Ku matako,» nikasema, ili tuelewane.

«Ilitutupa mu mufereji,» akasema Bénédicte. «Shiye bote. Mie na bayaya yangu, na papa.»

Kumbe kila asubuhi alikuwa anawapakia binti zake watatu kwenye kiti kimoja kirefu kuwapeleka shule. Aliinunua ikiwa tayari imerefushwa, na aliinunua kwa sababu hiyo hiyo. Tangu ianze kutetemeka alikuwa ameshaipeleka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha tairi la mbele, ambalo halikuwa na kosa. Wa pili alikaza shingo mpaka usukani ukawa unageuka kwa kubembelezwa. Wa tatu aliiombea. Nisiwe mchoyo wa sifa: wa tatu ndiye peke yake ambaye hakuharibu kitu.

«Papa Théo,» akasema mwalimu, akiwa ameshusha sauti, «Jumatatu batoto banarudia ku masomo. Haina namna ingine ya kubapeleka. Niambie kweli, niiweke ao niitupe?»

Nilimwambia kwanza anipakie. Tukatoka barabara ya lami, yeye mbele, mimi nyuma, mikono juu ya mapaja. Ikiwa polepole ilikuwa mtoto mtiifu. Ilipofika mwendo wa kama arobaini nikasikia kitu chini yangu kimeanza kwenda kushoto na kulia, kidogo, halafu si kidogo. Mwalimu akahama kutoka Kifaransa akaanza kuomba kwa Kiluba cha Kasai. Mimi niliacha mapaja nikashika mabega yake, na kati yetu sote hakuna aliyelitaja hilo baadaye.

Tuliporudi atelie ilikuwa imejaa watu, kama kawaida kukiwa na aibu ya mtu mwingine ya kutazama. Nilivua kitu kimoja kimoja, najaribu baada ya kila kimoja. Kioo cha mbele kikatoka: bado. Sanduku la nyuma likatoka: nafuu kidogo, lakini bado. Nikaweka kreti la bia chini ya injini, gurudumu la mbele likaning'inia, nikalegeza shingo iliyokabwa na yule fundi wa pili, nikageuza usukani taratibu kwa vidole viwili. Ulienda laini. Nikashika gurudumu la nyuma nikalisukuma pembeni: halichezi. Basi nikatoa kamba.

Kamba ni chombo kisichojisifu. Unaizungusha nyuma ya tairi la nyuma, unaivuta pande zote mbili mpaka mbele, iguse tairi kwa urefu wake, halafu unatazama gurudumu la mbele limekaaje kati ya nyuzi mbili. Upande wa kulia palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Upande wa kushoto kidole hakikuingia. Gurudumu la nyuma lilikuwa linaelekea Kipushi na la mbele linaelekea Katuba. Alama za kurekebishia mnyororo zilikuwa sawasawa kulia na kushoto, kwa hiyo kosa halikuwa kwenye bolti. Nikapima mkono wenyewe, mguu wa kulia na mguu wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mrefu zaidi kwa unene wa kidole changu kidogo. Aliyeurefusha aliunga vipande visivyolingana, akapaka rangi, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Mnanijua. Nilisema aliyefanya hivi alipima kwa kisogo. Nilisema mtu huyu apewe kazi ya kuchomelea masufuria, na hata hayo yasiwe na mfuniko. Nilimwita Bénédicte nikamwonyesha: ona, mtoto, mukono yako ilivunjika sababu ya muntu mumoja mwenye haraka. Watu walicheka wakashika mbavu. Nilikuwa katika hali nzuri sana siku ile.

«Moto ulinunua wapi?» mmoja akamuuliza mwalimu.

«Ku Naviundu.»

«Ah! Naviundu njo kwa Kabeya.»

Wakacheka tena. Kabeya alikuwa na kibanda chake karibu na mto, anachomelea pikipiki kama sisi, na kwa kweli kwa ustadi kama sisi, jambo ambalo lilikuwa likiniwasha. Nikacheka pamoja nao.

Niliufungua ule mkono wa chuma nikaupeleka nyuma peke yangu, nikaubana kwenye jiliwa, nikasugua rangi kwa brashi ya waya nione maungio yamekaaje kabla sijatengeneza mwingine. Rangi nyeusi ikatoka. Chini yake palikuwa na nyekundu. Chini ya nyekundu, pembeni ya mshono wa kuchomelea, palikuwa na nukta tatu za mstari mmoja.

Nilisugua tena, kana kwamba brashi ingeziondoa. Halafu nikakumbuka. Pikipiki nyekundu, mwenyewe mfanyabiashara wa makaa, Jumamosi ya harusi ya mdogo wangu. Nilikuwa tayari nimevaa suruali ya suti chini ya ovaroli. Nilipima kwa jicho. Nilipiga alama, kwa sababu kupiga alama hakuchafui. Lakini kupanda nyuma sikupanda, kwa ajili ya ile suruali. Ilikuwa ya kijivu. Picha za harusi ninazo, inaonekana nzuri sana.

Mtadhani nilisimama pale muda mrefu nikipigana na dhamiri yangu. Hapana. Nilichukua tupa, na katika dakika mbili nukta tatu hazikuwepo. Mikono ilikwenda yenyewe, na ilifanya kazi safi.

Mkono mpya niliutengeneza kwa siku mbili. Nilipima kwa rula, kwa kamba, kwa rula tena. Kazi ile ni bora kuliko zote nilizofanya maishani, na niliifanya kwa hofu tupu. Nilipanda nyuma ya mwalimu mpaka Katuba na kurudi, hamsini, sitini, mikono juu ya mapaja, na pikipiki ilikwenda imenyooka. Mwalimu aliposhuka alikuwa na machozi nyuma ya miwani. Akaniuliza mbele ya watu wote kuhusu aliyechomelea ule mkono wa kwanza:

«Papa Théo, ule alisudaka ile ya kwanza, njo Kabeya?»

Bénédicte alikuwa amesimama hapo na plasta yake. Ningeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu, na jepesi: hapana.

«Mie sisemaka jina ya muntu,» nikajibu.

Kusema vile, kwa sauti ile, ni kulisema jina mara mbili. Mwalimu alilibeba mpaka shuleni, na mnajua neno la mwalimu linavyotembea Katuba. Mimi nikautundika ule mkono uliopinda juu ya kompresa, kwa ajili ya elimu yenu. Miaka ya kwanza nilikuwa nasema «fundi mmoja wa Naviundu.» Baadaye nikachoka na urefu wa maneno, nikawa nasema Kabeya.

Alikuja mara moja, mwaka ule ule. Alisimama mlangoni, hakuingia.

«Théo, banasema miye njo nilisudaka moto ya mwalimu. Mie ile moto sikuionaka hata na macho.»

«Bantu banasemaka mingi,» nikamjibu, nikainama kwenye injini isiyokuwa na ubovu wowote.

Baada ya hapo wateja wake wa pikipiki walipungua, halafu wakaisha. Akawa anachomelea vyuma vya madirisha. Dirisha halitetemeki, kwa hiyo hakuna aliyemsumbua tena.

Siku ya kuniaga mlimwona. Mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kukataa bia. Wakati mkubwa wenu mpya anahotubia kuhusu uaminifu wangu kazini, Kabeya aliinuka taratibu, akakishusha kile chuma ukutani, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Nilimfuata. Hotuba ilikuwa bado ndefu.

«Ona,» akaniambia kwa sauti ndogo. Alipitisha kidole juu ya mshono, kwenye yale mawimbi madogo ambayo chuma huyaacha kikipoa. «Hii ilitoka huku, ikaenda huku. Mukono ya kuume. Mie niko wa kushoto, Théo. Tangu kuzaliwa.»

Tumejuana miaka yote hiyo. Nimemwona akila, akiandika, akisalimia. Sikuwahi kulitazama hilo.

Kisha kidole gumba chake kikatua pale pembeni, mahali palipopigwa tupa, kikatulia hapo. «Na apa bantu balipiga lime. Muzuri. Laini kabisa.»

«Sababu ya nini haukusema?» nikamuuliza. Swali la kijinga kuliko yote niliyouliza katika kazi hii, na nimeuliza watu kuhusu matako yao kwa miaka mingi.

«Nilisemaka. Kwako, apa ku mulango. Na ku soko. Balicheka.» Akakirudisha chuma ukutani, akakinyoosha kikae vizuri. «Mie nimezeeka, jina yangu inaweza kuzeeka na miye. Lakini Jules iko na miaka ya kazi mbele. Banamufukuzia jina yenye haina makosa. Weye unajua kuandika. Andika.»

Akarudi kwenye ndoo yake. Mkubwa wenu mpya alikuwa amefika kwenye neno «mfano wa kuigwa,» mkapiga makofi, na mimi nikageuka nikatabasamu.

Kabla ya kuandika nilienda Katuba kwa mwalimu. Amestaafu naye, bado ana kalamu mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, uso wake ule wa kusahihisha daftari baya. Bénédicte ndiye aliyejibu. Sasa anasomea uuguzi. Alikunja mkono wake wa kushoto, akaukunjua.

«Papa Théo, mukono ilipona mu mwezi mbili,» akasema. «Ya Papa Kabeya bado. Enda kule kwanza.»

Nilikwenda. Sikuwa na hotuba. Nilisema ni mimi, nilijua, na naona haya. Nilisema mbele ya mke wake na mbele ya Jules. Kabeya alikuwa anachomelea dirisha, kwa mkono wa kushoto, akasema ngoja nimalize mstari huu. Nilingoja. Alipomaliza akanipa kiti. Sijui kama amenisamehe, sikuuliza.

Basi mmejua. Barua hii isomeni kwa sauti, atelie ikiwa imejaa, si saa ya chakula ambapo nusu yenu mko kwa mama anayewapakulia bukari, ugali wenu. Mwiteni Jules mumpe chuma achomelee, kisha mkagueni kwa kamba kama mnavyomkagua mtu yeyote. Akikosea, mumrudishe kwa kosa lake mwenyewe. Na akirefusha pikipiki ya mtu, apande nyuma, hata akiwa na suruali ya harusi.

Kile chuma msikishushe. Alhamisi asubuhi, kabla hamjafungua, nilitumia ufunguo wangu mara ya mwisho, nikakibana kwenye jiliwa, nikachukua msumari wa Papa Numbi. Pale palipokuwa laini nimepiga tena nukta tatu. Mkono wangu siku hizi unatetemeka, kwa hiyo hazikukaa mstari mmoja. Nendeni mkazitazame. Ni zangu.